Sikio la Kulia la Maman Furaha

Wadogo zangu wa chumba cha radio,

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike lolote litakalowafaa wanaoanza kazi. Saa imekwisha kusimama. Nimeona niandike kabla na mimi sijasimama. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, maana nilipandishwa mara moja tu, na siku hiyo mkurugenzi alikosea jina langu mbele ya watu wote. Nitaanza na siku ya kwanza, halafu nitafika kwenye sikio moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka hunitoka jasho, kisha nacheka.

Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu wakiwa Wanyarwanda waliokimbilia huko, na kazi ya kupiga picha za mifupa niliijifunza huko huko. Nilivuka daraja la Rusizi kuja Cyangugu baada ya yale yaliyotokea, nikiwa na sanduku moja na diploma niliyoishonea ndani ya mto wa kulalia. Hospitali ilikuwa imeporwa. Mashine ya radio, yaani ya eksirei, waliiacha kwa sababu ilikuwa nzito. Badala yake walichukua mlango wa chumba.

Mwenye chumba alikuwa Sista Perpetua, mtawa mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye sote tulimwita Masere, kama masista wote wanavyoitwa kwetu. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Weye unajua kupiga radio?"

"Ninajua, Masere."

"Bila maji?"

Nikaitazama mashine.

"Bila courant?"

"Hapana, Masere. Bila umeme haiwezekani."

"Basi unajua nusu. Ingia, nusu ingine utajifunza."

Jambo la kwanza alilonionyesha lilikuwa herufi za risasi. Ninyi siku hizi mnabonyeza kitufe, lakini sisi tulikuwa tunaweka herufi ya risasi kando ya kiungo, ili picha ijiandike yenyewe kama huu ni upande wa kulia au wa kushoto. Tulitumia za Kifaransa, D kwa kulia na G kwa kushoto. Waporaji waliondoka na D. Nilipendekeza tutengeneze herufi za lugha zetu, nikaambiwa nifikiri vizuri. Nikafikiri. Kwa Kiswahili ni kulia na kushoto, zote mbili zinaanza na K. Kwa Kinyarwanda ni iburyo na ibumoso, na hapo zinafanana hata herufi ya pili. Nikaona wazee wetu hawakupanga kupiga radio.

Masere alikwisha kupata dawa yake. Rozari yake ilikuwa imekatika wakati wa kukimbia, akabaki na shanga chache za kioo kizito. Kila mgonjwa aliyeingia alibandikwa shanga moja kwa plasta upande wake wa kulia. Kwenye picha ilitokea kama kidoa cheupe cha mviringo.

"Herufi, muntu anaweza kuigeuza," aliniambia. "Mashine nayo inaweza kusema bongo, ikadanganya. Lakini shanga iko ku ngozi ya mugonjwa. Kuume yake ni kuume yake, hata umulaze namna gani."

Nikamuuliza kama si dhambi.

"Rozari iliisha kukatika. Bikira ataelewa."

Miezi ile ya kwanza watu wengi walikosea maana ya kibao chetu. Kiliandikwa RADIO, na nchi nzima ilikuwa inatafuta watu wake kwa radio ya matangazo. Walikuja kusalimia ndugu walio Goma, kuuliza lini kuna nyimbo za dini, hata kutangaza ng'ombe aliyepotea. Mimi nilikuwa nacheka. Siku moja akaja mzee aliyetembea kwa miguu kutoka Nkungu, ameshika karatasi yenye majina ya binti zake wawili. Nikamweleza kwa Kinyarwanda kwamba hii si radio ya kutangaza, ni radio ya mifupa. Alifikiri kidogo, akasema, "Hata mifupa, mama. Nayo tunaitafuta."

Masere alimpa kiti chake mwenyewe na chai, akaichukua ile karatasi, akaenda nayo kwa miguu mpaka kwa watu waliokuwa wakipeleka matangazo Kigali. Kuanzia hapo sikumcheka tena mtu yeyote aliyekosea kibao. Wadogo zangu, msiwacheke.

Kisha ikaja vita ya Kongo, na baada yake nyingine. Sisi tuliijua kwa vioo vya madirisha vilivyotetemeka, na kwa majeruhi waliovushwa kutoka ng'ambo. Filamu zilipungua, tukawa tunazikata vipande vinne. Tulizikausha nje kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio vya nguo, na mara moja mbuzi wa jirani alikula picha ya kifua cha mwalimu mmoja. Ilibidi nimwite mwalimu arudi. Alipofika aliuliza kama nimeona jambo baya kifuani mwake. Nikamwambia jambo baya limeonekana, lakini siyo kifuani mwake.

Masere aliitwa na shirika lake akapumzike, nami nikarithi chumba, ile G na kiberiti chenye shanga kumi na moja.

Sasa nimefika kwa Maman Furaha.

Alikuwa mfanyabiashara wa vikwembe, yaani vitenge, mzaliwa wa Bukavu, ameolewa Kamembe, anavuka daraja karibu kila siku. Mumewe, Papa Furaha, alikuwa mkatekista, mtu mwema na msemaji kupita wote niliowahi kuwaona. Walikuja pamoja mara ya kwanza kwa sababu ya mkono ulioteguka. Kila nilichomuuliza mke, alijibu mume.

"Mama, unaumia wapi?"

"Ataumia wapi, maman, kama si mukono? Alianguka ku ngazi ya kanisa, siku ya mahubiri yangu juu ya Yona, na Yona mwenyewe..."

Ilinichukua muda kugundua kwamba mke hasikii. Kila alipozaa, usikivu ulipungua, na alikuwa na watoto wanne. Lakini lilikuwapo jambo la ajabu: kwenye makelele alisikia. Sokoni alipatana bei na watu watatu kwa mpigo. Juu ya lori alipiga soga njia nzima. Mambo mazito ya nyumbani aliyapeleka kwenye mashine ya kusaga mahindi karibu na soko la Kamembe, na posa ya binti yake Furaha ilijadiliwa pale, wakwe wote wakitoka weupe kwa unga. Nyumbani penye utulivu hakusikia neno. Papa Furaha alikuwa amehubiri miaka kumi, na mtu pekee wa parokia asiyesikia hata hubiri moja alikuwa mke wake. Watu walisema ndiyo maana ndoa yao ilikuwa na amani.

Hayo tuliyacheka mpaka asubuhi moja ya ukungu. Daraja lilikuwa limefungwa tangu jana yake, na habari hazijawafikia wote. Maman Furaha alitangulia na mzigo wake kichwani. Askari wa zamu akasema simama. Palikuwa kimya kabisa, kwa hiyo hakusikia. Akasema tena. Mama akaendelea kutembea, taratibu, kama mtu anayekwenda kwake. Askari akakoki bunduki. Wanawake wawili waliokuwa nyuma wakamrukia, wakamvuta kwa kikwembe alichovaa, mzigo ukaanguka, naye akaanza kuwagombeza akidhani wanamwibia.

Kesho yake alikuja kwangu peke yake. Hakukaa.

"Maman Espérance," alisema, "kila siku ule askari atakuwa na roho nzuri?"

Nikamwandikia kwenye karatasi: Sijui.

"Njo vile, hata miye sijui. Tafuta muganga ya masikio."

Bahati ikamfuata. Mwaka huo alikuja kwetu kwa majuma machache Daktari Sebastien, Mnyarwanda aliyekulia Uvira na kusomea upasuaji wa masikio Ulaya. Alikuwa na sauti ndogo sana. Alizungumza kana kwamba kuna mtoto amelala. Aligonga uma wake wa chuma, ule wa kupimia masikio, akauweka nyuma ya sikio la Maman Furaha, na uso wa mama ukafunguka: alisikia kupitia mfupa. Akauleta mbele ya sikio: hakusikia kitu. Akafanya hivyo kulia na kushoto, akaniambia kulia ndiko kubaya zaidi.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza ninyi. Ndani ya sikio kuna vifupa vitatu vinavyopokezana sauti kama watu wanaopokezana matofali. Cha mwisho, kidogo kuliko vyote, kinaitwa kikuku, kwa kuwa kinafanana na kikuku cha kukanyagia mpanda farasi. Kwa kuwa Cyangugu hakuna aliyewahi kuona farasi, daktari alipata kazi mbili. Kikuku cha Maman Furaha kilikuwa kimegandana na ukingo wa kidirisha kidogo kinachopitisha sauti ndani, hakitikisiki tena. Dawa yake ni kukikata na kupandikiza mahali pake kijiti kidogo cha kutengenezwa, alichokiita pistoni. Alinionyesha moja ndani ya kichupa. Nilidhani kichupa ni kitupu. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba ungeiweka juu ya jicho la sambaza, yule samaki mdogo anayevuliwa Nkombo, na jicho bado lingeona.

"Shida ni neva ya uso," alisema. "Inapita hapo juu kabisa ya kile kidirisha ninatoboa. Kwa batu wengine inaning'inia, inafunika njia. Ukiigusa, uso inapinda, mudomo inaenda upande. Kwanza nione njia, njo nitoboe. Radio yako haitaonyesha."

Niliumia kidogo, lakini alisema kweli. Ilihitajika skana, mashine inayokikata kichwa kwa picha, kipande kwa kipande, kama mkate. Wakati huo ilikuwa Kigali tu. Daktari aliniomba niende na mgonjwa, kwa sababu Papa Furaha naye alitaka kwenda, na daktari alihofia kwamba wakienda wawili tu majibu yangerudi na mahubiri bila picha.

Basi letu lilivuka msitu wa Nyungwe nyuma ya gari la askari, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Injini ilinguruma, na Maman Furaha akasikia kila kitu. Alizungumza na basi zima, akauza vikwembe viwili kabla hatujatoka msituni. Papa Furaha alitapika njia nzima, hivyo kwa mara ya kwanza mke ndiye aliyesema.

Kwenye skana tulimkuta fundi aitwaye Patrick, aliyekulia Uganda, kijana mchangamfu mwenye Kiswahili cha amri tupu. Alitaka kupiga kichwa kama vichwa vingine, kila kipande unene wa sentimita moja.

"Kichwa ni kichwa," alisema.

Nikamwambia kitu tunachotafuta ni milimita tatu. Kwa vipande vyake kingepotea katikati ya picha mbili kama sarafu katikati ya viti vya basi. Nilitaka milimita moja, sikio tu, kulia na kushoto. Akasema mashine itapata joto. Nikasema tutaisubiri ipoe. Tulibishana mpaka akachoka, na hilo wadogo zangu ni sehemu ya ujuzi.

Nilimbandika Maman Furaha shanga nyuma ya ndewe ya sikio la kulia. Patrick alicheka, akasema mashine yake inaandika R na L yenyewe, kulia na kushoto kwa Kiingereza, haihitaji Bikira Maria. Nikaiacha hapo hapo.

Alilala chali, akaingizwa. Patrick akasema kwenye kipaza sauti, "Usisogee!" Hakusikia, hakusogea. Kisha mashine ikaanza kunguruma, Patrick akapaza sauti juu ya mngurumo ule, "Usisogee!" na kutoka ndani ya tundu ikaja sauti ya furaha:

"Minasikia! Sisogee!"

Taya lilisogea. Picha ikaharibika.

"Nyamaza!" akapiga kelele Patrick.

"Ndiyo, nimenyamaza! Kumbe hapa muntu anasikia muzuri hivi! Papa Furaha eko wapi?"

Tulirudia mara tatu. Mara ya nne nilimfunga kidevu kwa kitambaa. Kisha ikabidi alale kifudifudi, kichwa kimeinuliwa kama kobe anayetafuta mvua, ili tupate vipande vya upande mwingine vinavyoonyesha ile neva vizuri zaidi. Hapo mimi na Patrick tulikuwa tunacheka mpaka machozi, kwa sababu hata akiwa kifudifudi, na kitambaa kidevuni, alikuwa anajaribu kuuliza kama Patrick ameoa. Nawaambia tulikuwa tunacheka kwa sababu hapo ndipo kosa lilipofanyika, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Tulirudi na bahasha ya filamu mbili kubwa. Niliitunza majuma mawili kabatini, nikiionyesha kwa yeyote aliyepita. Sikuikagua. Niliisifu tu.

Daktari aliziangalia akafurahi. Zile za chali hazikuonyesha neva waziwazi. Za kifudifudi zilionyesha: upande wenye herufi L, yaani kushoto, neva ilikuwa imening'inia juu ya kidirisha kama waya wa umeme uliolegea. Upande wenye R ulikuwa safi. Na kulia ndiko kulikokuwa kubaya zaidi kwa kusikia. Kila kitu kilikubaliana.

"Tunafanya kuume," alisema.

Asubuhi ya upasuaji kazi yangu ilikuwa ndogo: kutundika filamu kwenye kisanduku cha taa ukutani, kisha kutoka. Maman Furaha alikuwa amelazwa, macho wazi, kwa maana upasuaji huu hufanywa kwa ganzi tu. Sikio la kulia limeoshwa, kichwa chote kimefunikwa kitambaa isipokuwa sikio na uso. Daktari alikuwa na sindano ya ganzi mkononi.

Nikaona uchafu kwenye filamu ya pili, kidoa cheupe. Nikakifuta kwa mkono wa gauni. Hakikutoka. Nikatemea mate kona ya kitambaa, nikafuta tena. Ndipo nikakitambua. Ilikuwa shanga ya Masere, na ilikuwa upande wa L.

Nikaangalia filamu ya kwanza: shanga iko upande wa R. Filamu mbili, mama mmoja, na shanga imeruka kichwa.

"Daktari, simama kwanza."

"Madame, niko na sindano mu mukono."

"Ninaiona. Simama kwanza."

Mnajua chumba cha upasuaji kilivyokuwa siku zile. Mpiga radio hakumwambia daktari simama. Muuguzi aliinamisha macho kama mtu anayeona ajali inakuja. Daktari alifika kwenye taa mikono juu, asiguse kitu.

"Hii nukta? Nilifikiri ni uchafu."

"Ni shanga. Niliiweka miye."

"Upande gani?"

"Kuume."

"Kuume yako ao kuume yake?"

"Kuume yake, Daktari. Nyuma ya sikio. Haikutoka mpaka tulirudi ku hôtel."

"Alikuwa amelala namna gani?"

"Ya kwanza mugongo. Ya pili tumbo."

Alifumba macho. Kisha akaomba lenzi, tukasoma pamoja maandishi madogo yaliyo pembeni mwa filamu. Mashine ilikuwa imeandika kwamba mgonjwa amelala chali. Kwenye filamu zote mbili. Tulipomgeuza, Patrick hakuiambia mashine kwamba amegeuka, nami sikumkumbusha, kwa sababu tulikuwa tunacheka. Mashine ikaendelea kuandika R na L kama kawaida, kwa heshima zote, mahali pasipo pake. Neva iliyoning'inia ilikuwa kulia. Sikio lililooshwa.

Kutoka nje tulimsikia Papa Furaha akimweleza mlinzi wa mlango jinsi Mungu alivyoliumba sikio.

"Basi kushoto," nikasema.

"Haiko rahisi," alijibu. "Kushoto njo inasikia kidogo. Nikikosa, hatabaki na kitu. Siwezi kuamua miye. Ni sikio yake."

Alimwinamia Maman Furaha, akaanza kumweleza kwa ile sauti yake ya mtoto amelala. Mama alimwangalia kwa upole, bila kusikia hata silabi. Daktari akajaribu kupaza. Ikatoka ndogo vile vile. Alikuwa mtu asiyejua kupiga kelele.

Nikawasha mashine ya kunyonya damu. Ilikuwa ya zamani, ilipiga kelele kama kinu cha kusaga. Daktari, ili ajisikie mwenyewe, akalazimika kupaza sauti, na uso wa Maman Furaha ukafunguka.

"Maman! Kuume, neva iko njiani! Nikitoboa, uso inaweza kupinda!"

"Na kushoto?"

"Kushoto njia iko safi! Lakini nikikosa, utakuwa kiziwi kabisa!"

Alitazama dari. Mashine ilinguruma. Niliona mkono wake umeshika kitambaa kama wale wanawake wa darajani walivyoshika kikwembe chake.

"Weye ulisha kukosa mara ngapi?"

Daktari alifikiri. "Mara mbili!"

"Ile mara mbili, ulikuwa umeona picha?"

"Hapana!"

"Basi fanya kushoto," alisema. "Uso yangu njo inauza bikwembe. Lakini usikose ya tatu."

Nilizima mashine. Muuguzi akaosha sikio la kushoto. Mimi sikutoka, na hakuna aliyenifukuza. Nilisimama chini ya filamu zangu kama mwanafunzi aliyewekwa ukutani. Daktari alifanya kazi kwa darubini muda mrefu. Mwisho aliinua kichwa, akavuta pumzi, akanong'ona kwa sauti ambayo hata mimi niliikosa nusu:

"Maman Furaha, uko nanisikia?"

"Usipige makelele, Daktari," alisema. "Niko hapa karibu."

Muuguzi alianza kulia. Mimi nilianza kabla yake. Maman Furaha alisikiliza, na macho yake yakaenda mlangoni.

"Ni nani ule eko nasema sana kule inje?"

"Ni bwana yako, Maman."

Alisikiliza tena.

"Kila siku iko vile?"

"Kila siku," nikamwambia.

Majuma matatu baadaye alivuka daraja. Wenzake wanasimulia kwamba askari alimwambia simama, polepole kabisa, akiwa bado mbali, naye akasimama pale pale, akatua mzigo, akamjibu, "Nimesimama, baba. Sema tena." Askari hakuelewa kwa nini anaombwa kurudia. Akarudia. Mama akamshukuru, wenzake wakacheka, akapita.

Niliandika barua kwa Patrick nikieleza kosa letu, letu wawili. Alijibu kwamba amebandika karatasi juu ya mashine: MGONJWA AMELALAJE? Aliuliza pia nilinunua wapi zile shanga.

Mwaka uliofuata Daktari Sebastien alirudi. Maman Furaha alikuja kupimwa na mumewe, ambaye alitueleza kwa kirefu mabadiliko yaliyotokea nyumbani. Daktari alifurahi sana na sikio la kushoto. Akasema la kulia haligusi kwa kisu, lakini sasa ana vifaa vidogo vya kusikia, vya kuvaa nyuma ya sikio, na yuko tayari kumpa kimoja siku ile ile.

"Aksanti," alisema Maman Furaha. "Ya kuume, uiache."

"Lakini utasikia pande zote!"

Alimwangalia Papa Furaha, aliyekuwa anamweleza muuguzi jambo fulani, akamvuta daktari karibu na kusema polepole:

"Daktari, hii ya kushoto ni ya soko na ya askari. Ninapolala, ninaiweka chini ku mto. Ya kuume inabaki juu, ni ya bwana yangu. Anaongea nayo mpaka analala, na siye wote tunalala muzuri."

Alituaga, akatoka na mumewe, ambaye alikuwa bado hajamaliza sentensi. Daktari alibaki ameshika kalamu juu ya fomu, penye mstari wa sababu ya mgonjwa kukataa kifaa. Akaniuliza aandike nini.

"Andika anatomia," nikamwambia, "jinsi masikio yake yalivyopangwa."

Akaandika.